Kipara Kimoja, Harusi Hakuna

Mume wangu alinichumbia akiwa na gari ambalo halikufaa barabara hata moja ya Karagwe. Lilikuwa gari la michezo, la milango miwili, rangi ya machungwa iliyopauka, na tumbo lake lilikaribia ardhi kiasi kwamba kuku akijilaza barabarani ilibidi dereva ashuke amwamshe. Watu wa Nkwenda walilipa jina la Kikere, yaani chura, kwa jinsi lilivyochuchumaa na taa zake mbili za mviringo zilivyotokeza mbele kama macho. Lilikuja na mhandisi mmoja wa machimbo ya bati, mgeni aliyependa mwendo kuliko alivyopenda bati. Alipoondoka kurudi kwao alimwachia mume wangu, aliyekuwa karani wa stoo pale machimboni, kwa sababu moja tu: katika watu wote waliomzunguka, ni yeye peke yake aliyekuwa na subira ya kuliosha.

Sitasema uongo, gari lile lilinivutia. Kwetu Ihembe wasichana wenzangu walikuwa wakichumbiwa na wenye baiskeli, na aliyebahatika sana alichumbiwa na mwenye pikipiki ya kusukuma. Mimi nikiwa juu ya kilima nachuma kahawa nilikuwa nausikia mlio wa Kikere kutoka mbali, ukipanda na kushuka pamoja na barabara, na wenzangu wakaanza kunitania.

"Chura wako huyo analia. Anueni kahawa, mvua inakuja."

Na siku alipokuja kujitambulisha kwa wazazi wangu, mvua ilikuja kweli. Nyumba yetu ilikuwa chini ya mteremko wa udongo mwekundu, ule unaoteleza hata ukitemewa mate. Kikere lilianza kushuka vizuri, likageuka ubavu, likageuka kabisa, na wazee waliokuwa wamekaa barazani na vikombe vyao vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakaona mkwe wao mtarajiwa akiwasili kinyumenyume. Halikusimama mpaka lilipoingia kwenye migomba ya baba na kuangusha mgomba wa nshakala, ndizi ya kupika, wenye mkungu uliokuwa umebakiza siku chache tu kukomaa. Aliposhuka, mchumba wangu alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono mmoja akiwa nje ya gari. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikaishia kwenda jikoni.

Baba yangu hakuwa mtu wa haraka. Aliingia Karagwe akiwa kijana, akifuata ng'ombe wa watu kutoka Rwanda, na alipoona ardhi inakubali migomba akabaki, akaoa, akapanda kahawa, na tangu hapo sikuwahi kumwona akikimbia hata nyuki. Alifungua mwavuli wake, akaenda mpaka lilipo gari, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Kisha akakipitisha kiganja kilekile juu ya kichwa chake mwenyewe, ambacho kilikuwa hakina unywele tangu nilipomfahamu.

"Hili limenishinda mimi," akasema.

Wazee wakacheka. Baba hakucheka. Alisimama akamtazama mchumba wangu, aliyekuwa matope mpaka magotini.

"Kijana, posa nimeipokea. Lakini binti yangu hatatoka hapa ndani ya gari lenye matairi kama haya. Siku ya harusi nitayatazama mwenyewe, moja moja. Kipara kimoja, harusi hakuna."

Mama, ambaye siku zote alikuwa mpatanishi, akauliza kama haiwezekani kuazima pikapu siku hiyo, au hata lori la kahawa likapambwa maua.

"Hapana," akasema baba. "Amekuja na hili, atanichukulia mtoto na hili. Mtu asiyeona kwamba tairi limekwisha, ataona lini kwamba mke wake anaumwa?"

Hapo mambo yakawa yameshakaa hivyo. Namjua baba. Alikuwa akisema jambo mara moja, halafu unaweza kupika maharage mpaka yakaiva kabla hajalibadilisha. Majuma machache baadaye matangazo ya ndoa yalikuwa yameanza kusomwa kanisani, ndizi za pombe zilikuwa zimeshafukiwa, na mimi harusi yangu ilikuwa imening'inia kwenye mpira wa magurudumu manne.

Miaka ile, vita vikiwa vimekwisha lakini maduka yakiwa bado matupu, tairi jipya lilikuwa kitu cha kibali. Kibali kilikuwa Bukoba, na mtu wa kukitoa kila mara alikuwa ametoka kidogo. Hata ukibahatika, matairi yaliyokuwapo yalikuwa ya malori na landrova, na Kikere lilivaa viatu vidogo vya kipekee, vipana na vifupi. Lililobaki ni kununua matairi yaliyotumika. Na kununua kitu kilichotumika kunataka jicho, na jicho la mchumba wangu nililijua. Alikuwa mpole, mwaminifu, na mtu wa hesabu safi, lakini kitu chochote cheusi kinachong'aa kilikuwa kinamlegeza. Nikasema moyoni, huyu akienda peke yake ataniletea sufuria nne.

Kwa hiyo nilikwenda Nkwenda mwenyewe siku ya gulio, kabla sijawekwa ndani kama mwali, na shangazi akafuatana nami. Kwetu shangazi ndiye mwenye bibi harusi. Anamfunda, anamsindikiza, na mambo yakiharibika yeye ndiye anayeulizwa. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na hakuwa akienda popote bila kifundo cha kahawa ya kutafuna kwenye ncha ya kitenge chake. Zilikuwa punje nzima za kahawa, zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa na maganda yake, zile ambazo mgeni akiingia tu anapewa kabla ya maji. Alikuwa akizitafuna asubuhi mpaka jioni. Nadhani ndiyo maana alikuwa halali mchana kama watu wengine.

Mwenye matairi alikuwa na duka pale sokoni, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na misafara ya biashara akachoka kurudi. Mbele aliuza chumvi, kanga na mafuta ya taa. Nyuma, chini ya bati, alikuwa amepanga matairi yaliyotumika moja juu ya jingine mpaka usawa wa kofia yake. Kiswahili chake kilikuwa laini mno, cha kukufanya utake kununua hata usichokihitaji. Mimi Kiswahili nilijifunza shuleni, nyumbani tukisema Kinyambo na Kinyarwanda vikiwa vimechanganyika, na mbele yake nilijiona kama naongea na kokoto mdomoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni. Hiki ndicho kile kichura kinachotaka viatu? Nilikisikia kikipita, nikasema, masikini, kinakwenda pekupeku."

Mchumba wangu alikuwa ameshatangulia, na nilimkuta amesimama mbele ya matairi manne yanayong'aa kama viatu vya mkuu wa wilaya. Uso wake ulikuwa umelegea, kama nilivyotarajia.

"Haya hapa," akaniambia. "Tazama yalivyo meusi."

"Hata chungu cha shangazi ni cheusi," nikamjibu.

Mwenye duka alicheka sana, na nadhani ni kwa sababu ya jibu lile aliamua kunifundisha. Aliyaweka kando yale yanayong'aa, akavuta mengine mabovu yaliyokuwa pembeni, akaanza kunionyesha moja baada ya jingine. Kashata za tairi, akasema, yaani vile vipande vilivyochongoka vinavyoshika njia, ndizo uso wake, na uso hausemi uongo ukijua kuuangalia. Tairi lililoliwa katikati tu, pembeni likiwa zima, lilijazwa upepo kupita kiasi na mtu mwenye haraka. Lililoliwa pembe zote mbili, katikati likabaki, lilibebeshwa mzigo mzito likiwa na upepo mdogo. Hilo ni la mfanyabiashara wa ndizi, bila shaka. Lililoliwa upande mmoja lilitoka kwenye gari ambalo magurudumu yake hayakunyooka, linalotembea kama mtu mwenye goti bovu, na hata ukilivalisha gari zima litaendelea kukuvuta upande ule mpaka ulizoee. Akanionyesha na nyufa ndogondogo ubavuni, zinazotokana na kuachwa juani.

"Lenye nyufa usilichukue hata kama kashata zote zipo," akasema. "Hilo ni zee lililokaa bila kazi. Wazee wasio na kazi ndio hupasuka."

Nilipenda somo lile kuliko nilivyopenda somo lolote nililofundishwa darasani. Ghafla lile rundo la mipira lilikuwa baraza lililojaa watu, kila mmoja na alikotoka, na kwa dakika chache nilisahau kwamba nilikuja kuokoa harusi yangu.

Shangazi hakusahau. Alikuwa ameketi juu ya mfuko wa chumvi anatafuna, na baada ya kusikiliza yote hayo aliinuka, akaenda kwenye yale matairi manne yanayong'aa, akafungua kifundo chake, akatoa punje ya kahawa. Akaidumbukiza kwenye mfereji kati ya kashata na kashata.

"Punje ikizama ikafichika, tairi zima," akatangaza. "Ikitokeza kichwa, twende nyumbani."

Sijui aliitoa wapi sheria hiyo. Nadhani aliitunga pale pale. Lakini ilikuwa sheria nzuri, maana punje ilizama kwenye tairi la kwanza, ikazama kwenye la pili, ikazama kwenye la tatu na la nne. Mchumba wangu akanitazama kwa ushindi. Mimi nilichuchumaa nikapitisha kidole kwenye mifereji. Ilikuwa na kina, kweli. Kwenye mawili niliona kingo zake ni kali kidogo, zimenyooka kama zimekatwa kwa rula, na nikahisi kwamba kuna jambo, ila sikuwa na neno la kulisemea. Somo langu lilikuwa la asubuhi ile tu.

Shangazi akaitia punje mdomoni, akajipangusa mikono.

"Basi waitu, jamani, yamependeza. Sasa onja."

Mwenye duka akamtazama. "Nionje nini, bibie?"

"Matairi yako."

"Tairi halionjwi, mama yangu."

"Kwetu," akasema shangazi, na ile sauti ya kuitia ng'ombe ikaanza kuamka, "mtu hamletei mgeni lubisi akampa kikombe, yeye akakaa kumtazama. Anaonja yeye kwanza. Kama ina ubaya, ubaya uanze naye. Na wewe Jumamosi, siku ya harusi, utapanda gari hili, mshuke nalo pale mteremkoni kwa kaka yangu, kisha utakaa ndani na bibi harusi mkitupandisha mpaka kanisani. Ukifika mzima, tumekunywa."

Watu waliokuwa dukani wakageuka. Mwenye duka akavua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo, akaivaa tena.

"Jumamosi nina mzigo unakuja."

"Utaukuta."

"Na mguu huu, bibie, unanisumbua sana."

"Utakaa. Hutatembea."

"Na mimi si Mkristo, nitakwenda kufanya nini kanisani?"

"Utabaki kwenye gari kuyalinda matairi yako."

Nilimwona akiyatazama yale manne, moja moja, kwa namna ambayo hakuyatazama alipokuwa akiyauza. Kisha akajikohoza, akainama, akayachukua mawili, yaleyale yenye kingo kali, akayaviringisha mpaka nyuma kabisa ya bati. Tulisikia vitu vinaanguka huko. Aliporudi alikuwa na mawili mengine, yenye vumbi na utando wa buibui, hayajapakwa chochote, kashata zake zimelika kidogo na kwa usawa kote.

"Haya nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya gari la ndugu yangu," akasema. "Kwa haya, nitapanda."

Baadaye, wakati yanafungwa, alinivuta kando akanieleza, maana alikuwa ameshakuwa mwalimu wangu na hakutaka somo libaki pungufu. Yale mawili yalikuwa vipara vilivyochongwa upya kwa kisu cha moto. Mifereji inakuwa mirefu, ndiyo, lakini chini yake unakuwa umekaribia nyuzi, na nyuzi zikishaonekana hakuna tairi tena. Aliyanunua hivyo kwa mtu, akasema, naye akawa anasubiri mtu. Hakuonekana kuona aibu sana, na mimi sikumkasirikia. Shangazi ndiye alimwambia kwamba mbele ya Mungu tumesameheana lakini Jumamosi iko palepale.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa chumbani, nimevaa gauni jeupe lililopita kwa binamu zangu wote kabla ya kunifikia, na dirisha lilikuwa linatazama mteremko. Usiku mvua ilinyesha, na udongo ulikuwa unang'aa. Nikausikia mlio wa Kikere juu ya kilima. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, lilikuwa linashuka taratibu, uso mbele, limepambwa maua ya mwitu na majani ya migomba, likaingia uani likasimama pale lilipotakiwa kusimama. Kwaya ikapiga vigelegele. Mlango ukafunguliwa, akatoka kwanza mzee wa Kiislamu ndani ya kanzu nyeupe, akajipapasa kifua kuhakikisha kwamba yupo.

"Huyu ni nani?" akauliza baba.

"Ndiye mwenye matairi," akasema shangazi. "Anaonja."

Baba akaitikia kwa kichwa, maana hilo alilielewa mara moja. Akamwomba shangazi punje. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na ndani ya koti hilo alichuchumaa kwenye tairi la kwanza, akaidumbukiza punje, akaitoa. Akapitisha kiganja. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Mchumba wangu alikuwa amesimama wima kama mtu anayepimwa shati. Punje ilizama kila mahali.

Baba alisimama, akalitazama gari, kisha akarudi kwenye tairi la kwanza akaanza upya.

Safari hii hakutumia punje. Aliligusa tu. Akagusa la pili. Kwenye la tatu alikaa muda mrefu, ameweka mkono juu yake kama unavyomwekea mkono ndama. Alipomaliza la nne, akalizunguka gari mara ya tatu. Kutoka dirishani nilikuwa namwona usoni, wale waliokuwa uani walikuwa wanauona mgongo wake tu. Hapo ndipo nilipoelewa. Baba hakuwa anatafuta usalama. Alikuwa anatafuta sababu. Kama angepata hata kashata moja iliyokwisha, hata ufa mmoja, ningebaki ndani ya nyumba ile nikivua gauni, na yeye angekuwa ametimiza neno lake tu, wala asingehitaji kumwambia mtu yeyote kwamba hataki niondoke. Nilimpenda sana baba yangu dakika ile, na nilimwombea asipate.

Mama ndiye aliyemaliza.

"Mzee," akamwambia kwa upole, "hata ukizunguka mpaka kesho, hayataota kipara."

Baba akasimama. Ile punje alikuwa bado ameishika. Akaipangusa kwenye koti lake, akaenda mbele ya mchumba wangu, akamwekea mkononi. Kwetu ukimpa mtu kahawa ya kutafuna umemwambia aingie, akae, wewe ni wetu. Mchumba wangu akaitia mdomoni na matope yake na vumbi lake la tairi, akaitafuna yote, akameza. Vigelegele vikapasua anga. Nimewahi kusikia viapo vingi vya ndoa tangu siku hiyo, lakini ndani ya moyo wangu niliolewa wakati ule wa kutafuna.

Safari ya kwenda kanisani sitaisimulia yote. Mimi nilikaa mbele. Nyuma, kwenye kile kibenchi ambacho mhandisi alikuwa akikitumia kuweka kofia, walikunjwa shangazi na mwenye duka kama magodoro, yeye akisoma dua zake kwa sauti ya chini, shangazi akimwambia asome kwa sauti zaidi ili zitusaidie wote. Kikere lilipanda mteremko bila kuteleza hata hatua. Juu kabisa mwenye duka akasema "Alhamdulillahi," na shangazi akasema "Sasa tumekunywa," na wawili hao wakawa marafiki mpaka kifo cha shangazi.

Yale matairi ya zamani, vipara vinne, baba aliomba aachiwe. Alimpelekea fundi akamkatia viatu. Yeye aliviita rugabire, kama kwao. Sisi tuliviita tu viatu vya tairi, vile vya soli ya mpira na kamba za mpira zinazopita juu ya mguu. Vilimtosha yeye, jirani, na jirani wa jirani. Wakati wa kuvuna maharage ungewaona wazee wa Ihembe wakipanda kilima wote wamevaa Kikere.

Tulihamia Nkwenda. Miaka ikapita, watoto wakaja, machimbo yakalegea na mume wangu akageukia kununua kahawa. Kikere lenyewe likawa linatembea mwezi mmoja na kupumzika miwili. Baba alikuwa akija kunitembelea mara kwa mara, siku yoyote tu, bila taarifa. Ungemwona mlangoni jioni na mkungu mdogo wa ndizi begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikimuuliza amekujaje, alijibu vilevile kila mara.

"Nimepata lori la kahawa. Limenishusha hapo chini."

Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Malori yalikuwapo. Alikuwa akikaa siku moja, analala, asubuhi anakunywa chai anasema lori linamsubiri, anakwenda.

Asubuhi moja, miaka ya tisini imeshaanza, mvua ilikuwa imenyesha na viatu vyake pale mlangoni vilikuwa vimeganda matope. Alikuwa ndani anakunywa chai na wajukuu. Nikavichukua nikaenda navyo kwenye pipa nivioshe. Nikakigeuza cha kulia, nikakimwagia maji, matope yakatoka.

Sikuwa nimeshika tairi kwa kulitazama kwa miaka mingi. Lakini somo lile la nyuma ya duka lilikuwa bado lipo. Soli ilikuwa imelika katikati mpaka nyuzi zimetokeza, nyeupe, zimechakaa kama mkeka wa zamani. Kisigino kimeliwa upande wa nje, maana mguu wa kulia wa baba ulikuwa umeanza kupinda. Nikakigeuza cha kushoto. Vilevile, ila kwa unyoofu. Ule haukuwa uchakavu wa mtu anayetoka shambani kwenda nyumbani. Mtu anayepanda lori hamalizi soli namna hiyo. Hiyo ilikuwa safari ya kutwa nzima, Ihembe mpaka Nkwenda, vilima vyote vile, na kurudi, mara kwa mara kwa miaka, kwa miguu, na ndizi begani.

Niliingia ndani na viatu mkononi vikidondosha maji.

"Baba, hili lori lako ni lori gani?"

Aliviona. Aliweka kikombe chini. Kwa muda alionekana kama ataendelea kudanganya, kisha akakata tamaa, akatabasamu kidogo kama mtoto aliyekutwa na asali.

"Mwanangu, malori yapo. Lakini umeyaona matairi yao? Kila nikisimama barabarani nayatazama. Vipara vitupu. Mimi siwezi kupanda kitu kama kile kwenye vilima hivi."

Mume wangu akapaliwa na chai. Mimi nilicheka mpaka nikakaa, na nilipokuwa nacheka nikajikuta nalia, na sikujali nani ananiona. Mtu aliyekataa vipara vyote vya wilaya alikuwa anatembea juu ya vipara alivyovikataa siku ya kwanza, ili aje kunitazama mimi usiku mmoja.

Alisimama, akajikunguta, akanyoosha mkono apewe viatu vyake.

"Nipe. Mama yako ananisubiri."

Sikumpa. Nilivigeuza soli juu, nikapitisha kiganja kwenye cha kulia, kisha kwenye cha kushoto, kisha nikarudia cha kulia. Alikuwa ananitazama. Nikaanza upya mara ya tatu, taratibu, ingawa hakukuwa na kitu kipya cha kuona, na usoni mwake nikaona kwamba ameikumbuka ile siku ya koti la kanisani.

"Kipara kimoja," nikamwambia, "safari hakuna."

Baba alitazama mlango, akatazama viatu, akanitazama mimi. Kisha akavuta kiti, akakaa tena, akasogeza kikombe chake mezani ili nimwongezee chai.